Redio Inatuletea Habari. Nasi Tuipe Zetu



Wiki hii tuongee juu ya chombo ambacho karibu kila kijiji kinakijua, lakini hatukai chini kukifikiria: redio. Si nyimbo zake, ni habari zake. Sisi tunaofundisha huku Masisi na Walikale tunaona namna neno moja la redio linavyojaza darasa au kulimaliza. Wamama wakisikia kwamba njia ni salama, watoto wanakuja. Wakisikia kwamba mapigano yamesogea, tunabaki na ubao na chaki. Kwa hiyo habari kwetu si mazungumzo ya kupitisha jioni. Ndiyo inayoamua kama tutalima, kama tutaenda soko, kama tutafunga mizigo.

Nchi yetu ni kubwa, na barabara zake tunazijua. Walikale peke yake inapita kilomita za mraba 23,000, na sehemu kubwa ni pori. Gazeti haliwezi kutufikia. Simu haishiki kila mahali. Redio ndiyo inayopita juu ya matope na vizuizi. Tuko na redio ya taifa, RTNC, yenye makao Kinshasa na kituo huku jimboni. Tuko na Radio Okapi, iliyoanzishwa na Umoja wa Mataifa pamoja na Fondation Hirondelle ya Uswisi tarehe 25 Februari 2002, wakati nchi ilikuwa imekatika vipande kwa vita. Ilianza kusema na Wakongomani wote kwa Kifaransa, Kiswahili, Kilingala, Kiluba na Kikongo. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, mtu wa Goma na mtu wa Mbandaka waliweza kusikia habari moja kwa saa moja. Hilo si jambo dogo. Watu wasiosikilizana hawawezi kuwa nchi moja.

Faida nyingine tumeziona kwa macho. Masomo yaliposimama mwezi wa tatu 2020 kwa sababu ya Korona, mafundisho ya watoto yalipitishwa kwenye redio. Ebola ilipofika hadi Pinga mwaka 2019, redio ilisaidia kueleza namna ya kunawa mikono na kwa nini maiti haishikwi. Na nani hakumbuki jirani waliokusanyika kusikiliza matokeo ya mtihani wa Serikali, kila mzazi akiomba asikie namba ya mtoto wake?

Lakini shida ziko, tuziseme wazi.

Ya kwanza ni milima yetu. FM inaenda mstari ulionyooka; mlima ukisimama mbele, sauti inaishia hapo. Ndiyo maana mtu aliye juu ya kilima anasikia vizuri, na dada yake aliye bondeni anasikia mkwaruzo tu. Mitambo ya kurudisha sauti inahitaji umeme, mafundi na ulinzi, na vita inaviharibu vyote vitatu.

Ya pili iko ndani ya nyumba. Tujiulize: redio ya kwetu ni ya nani? Mara nyingi ni ya baba. Akitoka, inatoka naye. Mawe ya redio yakiisha, chumvi na sabuni vinapita kwanza. Na saa ya habari za jioni ndiyo saa ya mama kugeuza ugali, kuogesha watoto na kutafuta kuni za kesho. Basi habari zinamfikia kwa mdomo wa mtu mwingine, zimeshapunguzwa au kuongezwa. Hapo ndipo redio trotwari inapata nguvu. Uvumi haukosi mawe.

Ya tatu: habari za mbali zinafika bila miguu. Mwaka 2019 tulisikia kwamba shule ya msingi ni bure. Wamama walifurahi, wakaleta watoto, madarasa yakajaa. Lakini redio haikueleza kijiji kwa kijiji mwalimu asiye kwenye orodha ya malipo ya Serikali atakula nini. Wazazi walisema, "Redio imesema bure." Walimu walisema, "Redio hailishi watoto wetu." Wote walisema kweli. Iliyokosekana ni habari ya huku kwetu, iliyo kati ya tangazo la Kinshasa na mlango wa darasa.

Ya nne ndiyo inayouma zaidi. Habari zinashuka kwetu, lakini zetu hazipandi. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, katika vijiji 13 vya njia ya Kibua na Mpofi, Luvungi ikiwa kimojawapo, watu wenye silaha waliwabaka watu wasiopungua 387 kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, wengi wao wamama na wasichana. Askari wa kulinda amani walikuwa na kambi si mbali. Luvungi haikuwa na simu inayoshika. Dunia ilisikia wiki kadhaa baadaye. Tunaikumbusha hapa kwa heshima, si kwa kutonesha kidonda: kijiji ambacho sauti yake haitoki kinaweza kuteswa siku nne, na si mbali kutoka hapo watu wanalala.

Ya tano ni vita yenyewe. Mwanzoni mwa 2025 M23 iliingia Masisi-Kati, kisha Goma, na mwezi wa tatu ikafika Walikale-Kati kabla ya kuondoka tena. Siku kama hizo kila upande unataka kinywa cha redio. Jirani zetu wa Rwanda walijifunza kwa machozi, mwaka 1994, kwamba RTLM ilitumia redio kuchochea mauaji. Na wanaosema kweli wanalipa: waandishi wawili wa Radio Okapi, Serge Maheshe mwaka 2007 na Didace Namujimbo mwaka 2008, waliuawa Bukavu. Tena Okapi yenyewe inategemea ujumbe wa Umoja wa Mataifa, ambao ulishaondoka Kivu Kusini mwaka 2024. Siku utakapoondoka nchi nzima, nani atalipa mafundi na waandishi? Swali hilo ni letu pia, kwa sababu sisi ndio tutakaonyamaziwa.

Basi tufanye nini? Mtandao mkubwa wa redio hatuwezi kuujenga. Lakini likelemba tunaiweza, na likelemba inaweza kununua redio moja ya mwanga wa jua kwa kikundi, ikae kwa mama mmoja kwa zamu. Tukutane mara mbili kwa wiki saa ya habari, mikono ikichambua maharagi, masikio yakisikiliza. Tukisikia jambo zito, tutafute redio ya pili inasema nini kabla ya kulibeba. Tuulize: nani amesema, ameona mwenyewe, na lini? Anayejua Kihunde, Kinyanga, Kinyarwanda au Kirega amtafsirie bibi asiyeelewa. Wasichana wa darasa la sita waandike kwenye daftari yanayotokea kwetu: daraja limevunjika, dawa zimekwisha, mwalimu hajalipwa. Karatasi hiyo impate mwandishi wa redio ya karibu. Ikiwa jambo linaweza kuleta hatari, majina yasiandikwe.

Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa. Mama mmoja mwenye habari anaweza kupuuzwa. Wamama ishirini waliosikiliza pamoja, wakapima pamoja na kusema pamoja, shefu wa kijiji atawapa kiti, na mwandishi atafungua kinasa sauti chake.