Damu Niliyoiongeza

Likizo ya Noeli mpwa wangu alikuja Baraka kutoka Bukavu anakosoma. Jioni moja nilimkuta uani ameinamia simu yake, hata ugali na samaki vimepoa. Nikamwomba nami nione. Ilikuwa hadithi ya kutungwa: mtu amefungwa kamba, na mwandishi aeleza kila mahali kisu kinapoingia, ukurasa baada ya ukurasa. Nilisoma kidogo, nikamrudishia simu.

"Mkristo hujilisha takataka kama hizi?" nikamwuliza.

Akajibu kwa heshima, "Mjomba, usikasirike. Kupenda damu katika hadithi nilifundishwa na wewe, katika mafundisho ya Komunyo."

Sikuwa na jibu.

Ndugu msomaji, kwanza nikueleze hadithi hizo ni kitu gani. Hazikuanza jana. Mwaka 1897 huko Paris, Ufaransa, ilifunguliwa nyumba ya michezo iitwayo Grand-Guignol. Zamani nyumba hiyo ilikuwa kanisa dogo, na malaika wawili wa kuchongwa waliachwa palepale juu, wakitazama watu wakichinjwa kwa uongo, kwa damu ya rangi. Kwa upande wa vitabu, mwaka 1984 Clive Barker wa Uingereza alianza kutoa Books of Blood, na mwaka 1986 Mmarekani David J. Schow akaupa mtindo huo jina, splatapanki. Waandishi wa kale walizima taa penye kutisha. Hawa huiwasha, ili msomaji aone yote. Wapo wanaosema kwamba kuyaficha maumivu ni kusema uongo. Neno hilo si la kudharauliwa.

Sasa nieleze kosa langu. Mimi ni katekista. Kila tarehe 28 Novemba huwasimulia watoto habari za wafiadini wetu waliouawa mwaka 1964, wakati wa uasi wa Simba, nao wakatangazwa Wenyeheri huko Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Zamani, nilipoona watoto wanasinzia, niliongeza panga. Mwaka uliofuata niliongeza vilio, na mwaka mwingine damu iliyotiririka mpaka ziwani. Watoto wakakodoa macho, nami nikajiona mwalimu hodari.

Mpwa wangu alikuwa amekwisha kuondoka Baraka siku ile mama mmoja mzee aliponisikia kupitia dirishani. Yeye ni mtu wa Makobola. Huko, tangu tarehe 30 Desemba 1998 hadi 2 Januari 1999, askari waliua watu wengi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 yataja zaidi ya 800, pamoja na wale wa vijiji vya jirani. Mama huyo aliningoja mlangoni.

"Mwanangu," akasema, "damu ninaijua, sikuisikia kwa hadithi. Lakini huyo padre unayemkatakata, siku ile alikuwa akifanya nini?"

Sikujua. Miaka yote hiyo nilijua namna ya kumwua tu.

Basi nikaenda kuuliza na kusoma. Padre Luigi Carrara, mmisionari Msaveri wa miaka 31, alikuwa akiungamisha watu hapa hapa Baraka. Alipotoka alimkuta Bruda Vittorio Faccin, wa miaka 30, amekwisha kuuawa. Akapiga magoti kando ya mwili wa mwenzake, naye akauawa hapo. Siku hiyo hiyo, huko Fizi, wakauawa Padre Giovanni Didonè na Padre Albert Joubert. Nilipowasimulia watoto hivyo tu, bila kuongeza tone, mmoja aliuliza, "Mwalimu, kwa nini hakukimbia?" Katika miaka yote ya damu yangu hakuna mtoto aliyeuliza swali hilo.

Hayo yote nilimweleza mpwa wangu jioni ile. Nikamwambia pia kwamba Grand-Guignol ilifungwa mwaka 1962, na wengi husema sababu moja ni kwamba baada ya vita ya 1939 hadi 1945 watu walikuwa wamejua mabaya kupita michezo. "Nasi tuliosikia risasi," nikasema, "twatafuta nini humo?"

Akanyamaza kidogo. "Mjomba, hii naweza kuizima. Usiku wa risasi siwezi."

Neno hilo lilinichoma. Nikamwuliza kwa upole, "Huyo aliyefungwa kamba anaitwa nani?" Akarudi nyuma katika hadithi, akatafuta sana. "Hakupewa jina," akasema.

Sikumnyang'anya simu. Nilimwomba tu kwamba kila asomapo habari za mtu anayeuawa, aulize jina lake, na alikuwa akifanya nini kabla ya kisu. Nami najiuliza swali hilo hilo kila tarehe 28 Novemba, kabla sijafungua kinywa mbele ya watoto.