Selo zilizogeuzwa vyumba vya hoteli

Ukipanda boti bandarini Fremantle, magharibi mwa Australia, unafika kisiwa cha Rottnest kwa muda wa nusu saa hivi. Waafrika Mashariki wanaoishi Perth wanakijua vizuri. Mgeni akitoka nyumbani ndiko anakopelekwa Jumamosi: akodishiwe baiskeli, aogelee, apige selfie na quokka, mnyama mdogo wa jamii ya kangaruu ambaye uso wake unaonekana kama unatabasamu muda wote. Wanoongar, wenyeji wa asili wa eneo hilo, wanakiita kisiwa hicho Wadjemup. Kati ya 1838 na 1931, wanaume na wavulana wa Kiaborijini wapatao 4,000 walipelekwa huko kama wafungwa, wengine wakitolewa Kimberley, kaskazini kabisa mwa jimbo. Wasiopungua 373 walizikwa huko huko.

Upande wa pili wa mlangobahari, Fremantle kwenyewe, kuna jela nyingine. Hii ilijengwa kwa mawe ya chokaa miaka ya 1850 na wafungwa waliosafirishwa kutoka Uingereza, na meli ya mwisho ya wafungwa hao, Hougoumont, ilitia nanga hapo Januari 1868. Mwaka 2010, UNESCO ilipoorodhesha maeneo 11 ya wafungwa wa Australia kuwa Urithi wa Dunia, Jela ya Fremantle ilikuwemo. Wadjemup haikuwemo. Dola ilikuwa moja na bahari ni hiyo hiyo, na minyororo haikutofautiana sana. Tofauti ilikuwa nani anahesabiwa kuwa mfungwa wa kihistoria na nani anaachwa nje ya hadithi.

Kwa muda mrefu simulizi ya Australia ilikwenda hivi: maskini wa London au Dublin kaiba kitambaa, kahukumiwa miaka saba, kasafirishwa ng'ambo, kachapwa viboko, hatimaye kaachiwa huru na kupata shamba. Watu wapatao 160,000 walipelekwa huko kati ya 1788 na 1868. Vizazi vilivyofuata vilimficha babu mfungwa. Wajukuu wao leo wanamtafuta kwenye nyaraka na wakimpata wanatamba naye. Makumbusho yakaifuata hamu hiyo. Shamba lile lilikuwa la nani kabla mfungwa hajapewa, hapo paliachwa.

Hyde Park Barracks ya Sydney, bweni la zamani la wafungwa, ni mfano mzuri wa jinsi pengo hilo linavyozibwa. Jengo lilichorwa na Francis Greenway, naye alikuwa mfungwa aliyetiwa hatiani kwa kughushi, likakamilika 1819. Lilipofunguliwa upya mapema 2020 baada ya ukarabati, mgeni alivalishwa visikilizio na sauti zikaanza kumfuata chumba hadi chumba, zikiwemo za Waaborijini wanaoeleza ujio wa walowezi uliwagharimu nini. Ila kilichosema zaidi kilikuwa uani. Msanii Jonathan Jones, mwenye asili ya Wiradjuri na Kamilaroi, aliutandazia ua mzima changarawe nyekundu na nyeupe zenye alama zilizorudiwa tena na tena. Ukitazama hivi, ni mshale ambao serikali ya Uingereza iligonga kwenye mali yake na nguo za wafungwa. Ukitazama vile, ni unyayo wa emu, yule ndege mkubwa anayefanana na mbuni. Hapakuwa na kamba ya kuzuia watu. Kila aliyekatiza uani alifuta kidogo, mpaka alama zikavurugika zote.

Kazi nzuri, lakini sanaa ya wiki chache hairudishi ardhi, na hapo ndipo Wadjemup inapoyazidi maeneo mengine. Jela yake, iitwayo Quod, ina pembe nane na ilijengwa na wafungwa wenyewe. Karne ya 20 ilipoanza, kisiwa kikageuzwa cha starehe. Selo zikaunganishwa zikawa vyumba vya kulala watalii. Mahema ya likizo yalipigwa juu ya makaburi, na hayakuondolewa hadi 2007, ingawa mifupa ilikuwa imefukuliwa tangu 1970 na wafanyakazi waliokuwa wakichimba. Vyumba vya Quod viliacha kupangishwa 2018. Wazee wa Kinoongar walishinikiza kwa miaka mingi mpaka matumizi ya mahali yakabadilika. Kubandika kibao ni rahisi. Kufunga hoteli ni kitu kingine.

Afrika nayo imo katika historia hii kwa majina. Dawid Stuurman, kiongozi wa Wakhoi aliyetoroka Robben Island mara mbili, alisafirishwa hadi Sydney 1823 na kufia huko 1830. Makaburi alikozikwa yakaja kupisha stesheni ya reli ya Central. Mwaka 2017 ujumbe ulikwenda kuirudisha roho yake nyumbani kwa matambiko, na tangu 2021 uwanja wa ndege wa mji uliokuwa ukiitwa Port Elizabeth unaitwa kwa jina lake.

Na kwetu je? Kisiwa cha Changuu huko Zanzibar kinauzwa kwa watalii kama Prison Island, wakati jela iliyojengwa pale miaka ya 1890 iliishia kuwa karantini. Jela za kweli ndizo zisizotangazwa. Fort Jesus ya Mombasa ilikuwa jela kuanzia 1895 hadi 1958, ndipo ikafunguliwa kuwa makumbusho 1960. Mgeni wa kawaida hutoka ameshiba habari za Wareno, Waomani na meli ya Santo Antonio de Tanna iliyozama 1697. Miaka 63 ya jela ikipata sentensi mbili za mtembezaji, imebahatika.

Waliohamishwa kwa nguvu na wakoloni nao ni wengi: wafalme Kabalega na Mwanga walipelekwa Shelisheli, mpinzani wa ukoloni Mekatilili wa Menza akatolewa pwani akapelekwa Kisii. Kambi za Mau Mau zilizokuwa Aguthi na Mweru, Nyeri, leo ni shule. Kundi la watu wa Kenya na Uingereza linalojiita Museum of British Colonialism limezijenga upya kwa kompyuta, kwa msaada wa kumbukumbu za wazee waliozijua. Wao hawana jengo wala tiketi.

Fort Jesus inavyo vyote viwili. Tena jela ilifungwa juzi tu kihistoria: Mombasa na vitongoji vyake havikosi familia zinazojua baba au babu yupi alilala ndani ya kuta zile, na kwa kosa gani. Kabla hata ya kufikiria visikilizio vya Sydney, makumbusho yangeanza kwa kuwaalika hao waje na picha zao, wakae na watembezaji, na wawe na sauti juu ya kitakachoandikwa ukutani.