Ratili na Wakia Huko Minnesota

Kaka yangu hakunituma Marekani kutembea. Alinituma nikamwangalie mtoto. Binti yake, ambaye ni somo yangu kwa kuwa alipewa jina langu siku ya saba, alikuwa ameacha kupokea simu. Akipokea anasema, "Salama tu, niko kazini," na simu inakatika. Mama yake naye alikwisha kutangaza mtaa mzima kwamba mwanawe anasomea unesi. Ukweli ulitufikia kwa njia ya mtu mwingine: hasomi chochote. Mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi ameufanya mara mbili na mara mbili umemkataa. Sasa vitabu kaviweka uvunguni, anabeba boksi kama wenzake.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Hisabati. Nimesimama ubaoni miaka 34 mkoani Tanga, na kabla ya Januari 2023 safari yangu ya mbali kuliko zote ilikuwa Mbeya, kwenye usahihishaji wa mitihani. Ukoo ukachanga nauli. Dirishani ubalozini nikaulizwa naenda kufanya nini, nikajibu kumwona mtoto wa kaka. Sikusema kumnyoosha, ingawa ndilo neno lililokuwa moyoni.

Nililala ndege ikiwa juu ya Sahara, nikabadilisha ndege Amsterdam, kisha saa tisa nyingine za kukaa kitako. Kwenye kioo cha mbele ya kiti niliona ramani, na ndege yetu kama nzi juu ya Greenland. Minneapolis tulitua jioni. Kwa saa za huko ilikuwa kumi na moja. Nje jua lilikwisha kuzama. Baridi ya Lushoto naijua, nimefundisha huko miaka mitatu, na nilidhani nimejiandaa. Mlango wa uwanja ulipofunguka, nilivuta pumzi moja tu nikahisi nywele za puani zimekauka kama miba. Somo yangu alikuwa amesimama na koti la pili mkononi. Alipiga goti kidogo, "Shikamoo shangazi," akanivalisha kama mtoto wa chekechea. Alikuwa amekonda.

Anakaa Brooklyn Park, kaskazini mwa jiji, sehemu iliyojaa Waliberia na Wakenya. Wengi wao wanafanya kazi kama yake: kuhudumia wazee, usiku kucha, kwenye nyumba za kutunzia watu. Anatoka saa nne usiku, anarudi saa moja na nusu asubuhi bado giza. Siku ya pili, akimenya vitunguu, nilimtupia swali kama mzaha: damu inapita wapi moyoni? Hakuinua hata kichwa. Atiria ya kulia, ventrikali ya kulia, mapafuni, atiria ya kushoto, ventrikali ya kushoto, aota, na vali zote kwa majina yake. Huyu alimaliza Kidato cha Sita kwa mchepuo wa PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia. Sasa anashindwa nini?

Hapo nikafanya kosa langu. Nilijijibu mwenyewe: uvivu. Nikachora ratiba, nikaibandika kwenye jokofu, nikaanza kumsemesha kwa ile sauti ya darasani ambayo wanafunzi wangu wa zamani wakikutana nayo sokoni hadi leo hurudi nyuma hatua moja. Alivumilia siku nne. Siku ya tano alirudi kutoka kazini, akaibandua ratiba, akaikunja vizuri, akaniwekea mezani. "Shangazi, mimi sina akili ya mitihani ya huku. Tuyaache." Akaingia kulala. Siku mbili hatukuzungumza ila chakula na salamu.

Nikabaki na vitabu vya uvunguni. Kimoja kilikuwa cha Maktaba ya Brooklyn Park, cha mazoezi ya mtihani wenyewe, unaoitwa TEAS. Nilikifungua kwa kukosa la kufanya. Kwetu vyuo vya uuguzi hutazama matokeo yako ya sekondari, hasa Baiolojia, Kemia na Fizikia. Huko vyuo vingi vinataka, juu ya hayo, ukae mbele ya kompyuta ujibu maswali 170 ndani ya dakika 209. Kusoma na kuelewa, maswali 45 kwa dakika 55. Hisabati 38 kwa dakika 57. Sayansi 50 kwa dakika 60. Kiingereza 37 kwa dakika 37. Katika yote hayo, 20 ni ya majaribio, hayahesabiwi, na hawakwambii ni yapi. Mtu anaweza kulia machozi juu ya swali lisilo na alama.

Basi nikaweka saa ya simu mezani, nikaufanya. Mimi mwenyewe, mtihani mzima, peke yangu jikoni.

Kusoma sikumaliza, muda uliniisha nikiwa swali la 31. Kiingereza nilipata 15 kati ya 37. Hisabati, somo nililolifundisha watu ambao leo ni wahandisi, nilipata 30 kati ya 38. Somo yangu alipoamka nilimpa karatasi nikamwomba anisahihishie. Alianza na uso wa mtu aliyebebeshwa mzigo. Alipofika kwenye Hisabati akasimama, akanitazama, akarudia kutazama karatasi. "Shangazi, umekosa la aunsi?" Nikasema nimekosa, na la galoni pia. Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu nifike sikuwa nimemsikia akicheka.

Akaniletea karatasi za matokeo yake, ambazo hakuwa amemwonyesha mtu. Mara ya kwanza asilimia 56, mara ya pili 58.7. Chuo alichokuwa anakiomba kinataka 65. Mwalimu akipewa karatasi kama zile husoma kama mganga anavyosoma ubao. Sayansi haikuwa mbaya. Alikuwa anaanguka kwenye kasi, kwenye vipimo, na kwenye jambo moja ambalo lilinichoma: njia. Kwenye mtihani wetu wa Hisabati wa Kidato cha Nne kuna maswali 14 kwa saa tatu, na ukikosea jibu bado unapewa alama za njia. Kwa hiyo tunawakaririsha watoto: onyesha njia, onyesha njia. Naye alikuwa bado anaonyesha. Swali la dakika moja na nusu analiandikia mistari saba safi, herufi nzuri, na mstari mwembamba chini ya jibu. Kompyuta haitazami mistari. Tulimfundisha hivyo mimi na wenzangu, tena tulimchapa alipoacha.

Kazi ya kwanza ikawa kumfundisha kuchafua karatasi.

Kazi ya pili ilikuwa vipimo. Huko kila kitu ni paundi, aunsi, futi, galoni, na mtihani unataka uvigeuze kuwa gramu na lita na kurudi. Alikuwa akivikariri kama mtu anayekariri namba za simu za wageni. Nikamuuliza: bibi yako Pangani alikuwa anapima sukari kwa nini? Hakujua. Kwa ratili, nikamwambia. Ratili ndiyo hiyo paundi. Na ratili moja ni wakia 16, na wakia ndiyo aunsi. Karafuu za Unguja zilikwenda kwa frasila, ambayo ni ratili 35 hivi. Neno wakia analijua kila anayesikiliza bei ya dhahabu redioni, ingawa wakia ya dhahabu ni nzito kidogo kuliko ile ya sukari. Pishi moja ilikuwa vibaba vinne. Na hicho kipimo cha Wamarekani kinachomsumbua, kile kinachokaa kati ya kikombe na galoni, jina lake lenyewe maana yake ni robo: vinne vinajaza galoni. Kibaba na pishi, basi. Alikaa kimya kidogo. "Kumbe hivi vitu vilikuwa vyetu vikatutoka," akasema. Sikubishana kuhusu vilikuwa vya nani. Muhimu ni kwamba tangu siku hiyo hakusema tena aunsi ndani ya nyumba. Nilimtungia maswali ya kazini kwake: mgonjwa ana ratili 132, ni kilo ngapi? Anagawa kwa 2.2 akikoroga chai. Sitini.

Tulipokwenda Karmel Mall, soko la Wasomali jijini, kutafuta sambusa, mama mmoja muuza vitambaa alitusikia tukibishana kuhusu yadi na sentimita. Akaingilia kwa Kiswahili cha Eastleigh kilichonyooka: yadi ni sentimita 91 na kidogo, na hicho kidogo yeye huwa anawapa wateja bure. Nilinunua yadi nne ambazo sikuzihitaji.

Kiingereza ndicho kilichotuchosha. Nilimchunguza akisoma nikaona midomo inacheza. Alikuwa anageuza kila sentensi kuwa Kiswahili, anaielewa, anarudi tena kwenye Kiingereza kuchagua jibu. Safari mbili kwa nauli ya moja, na muda ni dakika moja kwa swali. Sikumkataza Kiswahili, nilimhamishia pale kinapofaa. Mtihani ule unapenda kuuliza maana ya maneno ya kitabibu kwa kuyakata vipande, na hakuna watu waliozoea kukata maneno kama sisi. Mtoto wa darasa la tano anakwambia kwamba ndani ya "hatukupikiwa" kuna kukanusha, kuna watu, kuna wakati, kuna mzizi na kuna kutendewa. Basi tukachukua hipoglisemia: hipo ni chini, glis ni sukari, emia ni damu. Takikadia: taki ni haraka, kadia ni moyo. Tulijaza ukuta wa jikoni vikaratasi. Yale ya kusoma na kuelewa tukayafanya kinyume na mazoea yake: swali kwanza, habari baadaye, na marufuku kurudi aya ya kwanza.

Tulikuwa tunakwenda maktaba siku zake za mapumziko. Wanatoa chumba kidogo cha vioo bure, huulizwi wewe ni nani wala kabila gani. Ningetamani kila wilaya yetu ingekuwa na kimoja. Siku nyingine tulisoma nyumbani saa nane mchana, akiwa ameamka, kabla uchovu haujamkumbuka. Mwishoni mwa Februari theluji ilianguka siku karibu tatu mfululizo, magari yakawa vichuguu. Alikwenda kazini hivyo hivyo, kwa kuwa wazee hawaahirishwi. Akarudi amelowa, akatupa begi, akasema amechoka na hataki kusikia neno lolote. Safari hii sikuleta ratiba. Nilipika ugali, nikamwacha alale, na kesho yake pia nikamwacha. Siku ya tatu aliamka mwenyewe akaweka saa ya simu mezani.

Jumamosi ya mwisho wa Machi tulipanda basi tukiwa wawili. Theluji ya barabarani ilikuwa na rangi ya majivu. Hakutaka nimpe mawaidha, akataka nimuulize maswali, nikamuuliza mpaka kituo cha mwisho. Akaingia ndani na kitambulisho chake tu. Simu na koti akaniachia mimi. Kikokotoo kiko ndani ya kompyuta, na baada ya Hisabati kuna mapumziko ya dakika 10. Niliyajua hayo yote kwa moyo, na bado nilipokaa kwenye benchi la ukumbi nilihesabu dakika kama msimamizi asiye na darasa. Dakika za mapumziko zikapita hakutoka kuniona. Nilijiambia ni dalili nzuri, kisha nikajiambia ni mbaya. Nilikula ubuyu wote niliotoka nao Tanga.

Alitoka akitembea polepole sana. Matokeo huonekana kwenye kioo hapo hapo ukimaliza. Alikaa pembeni yangu, akavaa koti, akafunga vifungo vyote hadi cha juu, ndipo akasema, "Sitini na nane nukta saba, shangazi." Nikamuuliza Kiingereza kimekuwaje. Akasema kimepanda, lakini bado ndicho cha mwisho. Alimpigia mama yake simu tukiwa ndani ya basi, na kwa mara ya kwanza tangu nifike hakusema yuko kazini.

Chuo kilimpokea kwa muhula wa Agosti. Siku mbili kabla ya kuondoka nilikwenda mwenyewe maktaba kurudisha kile kitabu. Kilikuwa kimechelewa siku nne, na mkononi nilishika dola tayari kwa faini. Mhudumu alinisukumia pesa yangu: faini za kuchelewesha walizifuta mwaka 2021.