Ritifaa ya Nyang'hwale

Nilipoanza kupiga video za harusi hapa Kharumwa, katika siku ambazo wilaya yetu ya Nyang'hwale ilikuwa ingali changa, maana imezaliwa mwaka 2012, sikufikiri hata mara moja kwamba madoido ya picha yana watu walioyatunga. Niliyapokea katika flashi kutoka Mwanza kama mtu apokeavyo chumvi dukani, nikayatumia yalivyo, na bibi harusi wa mchimba dhahabu na bibi harusi wa mkulima wa pamba wakashushiwa nyota zilezile na maua yaleyale.

Kilichoniamsha ni ritifaa. After Effects, programu niliyokuwa nikiitumia, tangu toleo la mwaka 2001 hukubali kuandikiwa amri fupi kwa lugha ya JavaScript, nami nilikuwa nimenakili moja ya kupanga majina ya maarusi chini ya picha. Majina ya watu wengine yalitokea vema. Illa ya kwetu Usukumani, yale ya Ng'wa na Ng'ho, na jina la wilaya yenyewe, yaliiangusha amri yote. Siku mbili nzima nililaumu virusi, ilhali sababu ilikuwa hii: aliyeitunga aliyafunga maneno katika alama moja moja za nukuu, na kompyuta ilipoifikia ritifaa ya Nyang'hwale ikadhani kwamba neno limekwisha. Niliziweka alama mbili mbili, na wilaya ikasomeka.

Tangu hapo nikawa sina subira na kitu nisichokijua ndani. Nikapata habari kwamba Adobe hutoa bure seti ya zana ambayo mafundi huiita SDK, kwa ajili ya kila atakaye kuiongezea After Effects madoido yake mwenyewe. Lugha yake ni C++, na kikusanyaji cha msimbo peke yake kilikuwa cha gigabaiti kadhaa, mzigo ambao bando la simu halikuweza kuubeba. Nikakifuata Mwanza kwa kivuko cha Busisi, na foleni yake yote, kabla hatujapata daraja hili lililofunguliwa mwaka 2025.

Nilichokikuta ndani ya SDK si programu kamili. Ni maelezo, na mifano, mmoja ukiitwa Skeleton, yaani kiunzi cha mifupa, ambacho hungoja mtu akivike nyama. Adabu zake ni za mwenyeji na mgeni: programu kuu humwuliza mgeni yeye ni nani, kisha ana vitelezi vingapi vya kurekebishia, kisha ndipo humkabidhi taswira, nukta 1,920 kwa 1,080, zaidi ya milioni mbili, naye mgeni huzipitia moja moja na kuzirudisha, mara 25 kwa kila sekunde ya harusi. Na mgeni atoaye ushahidi mmoja katika waraka wake wa utambulisho na mwingine ndani ya msimbo huumbuliwa papo hapo. Mimi niliumbuliwa mara nyingi.

Doido nililolitaka lilikuwa la kuondoa vumbi. Wakati wa kiangazi shela nyeupe haifiki ukumbini ikiwa nyeupe. Basi nikaandika kwamba kila nukta inayokaribia weupe, ilhali wekundu wake umeuzidi ubuluu, irudishwe kwenye weupe halisi. Shela ikang'aa, nami nikajiona ustadhi, hata siku mama mzazi wa bibi harusi mmoja aliponijia studioni na diski yake mkononi, akaketi kimya, kisha akasema, "Mwanangu, dhahabu ya binti yangu umeipeleka wapi?" Nikatazama: mng'ao wa mkufu na pete, nao una wekundu kuliko ubuluu, ulikuwa umesafishwa pamoja na vumbi, na dhahabu ya Geita imekuwa fedha. Nilimwomba radhi, nikaongeza kitelezi cha pili cha kuihifadhi.

Miaka ikapita, nikahamia programu nyingine, DaVinci Resolve, na doido langu likakataa kunifuata, maadamu lilifundishwa adabu za mwenyeji mmoja tu. Ikanibidi kulifuma upya kwa OpenFX, mwafaka ulioanzishwa na The Foundry ya London mwaka 2004 ili mgeni mmoja aweze kupokelewa katika nyumba nyingi. Msimbo wa kupokea na kurudisha picha niliubadili wote. Vitelezi vyangu viwili nilivihamisha na majina yake: Vumbi, na Dhahabu.