Kizimbani na Sebuleni: Kumbukumbu za "Vioja Mahakamani" Mtaani Kaloleni

Sisi wahakiki wa tamthilia tuna mazoea ya kuizungumzia mahakama ya jukwaani pale tu inapobeba jambo zito. Tukitafuta mfano, aghalabu tunakimbilia Mzalendo Kimathi, tafsiri ya mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo uliochapishwa kwa Kiingereza mwaka wa 1976, ambamo kizimba kinageuzwa uwanja wa mapambano baina ya mzalendo na mkoloni. Mahakama nyingine, iliyoingia sebuleni mwa Wakenya kwa miongo kadhaa, tumeipuuza. Nakusudia "Vioja Mahakamani", mchezo wa runinga wa Sauti ya Kenya, shirika lililogeuzwa kuwa KBC mwaka wa 1989.

Mimi mwenyewe niliwahi kuwaeleza wanafunzi wangu kwamba huo ni ucheshi duni unaotegemea lafudhi: Mluhya achekwe kwa Kiswahili chake, Mjaluo kwa chake, Mkamba kwa chake. Sehemu ya hoja hiyo ningali naishikilia. Sehemu iliyobaki imenishinda, na ili nieleze sababu sina budi kurudi Kaloleni.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 familia yetu iliishi katika mtaa huo, mojawapo ya mitaa iliyojengwa Mashariki mwa Nairobi katika miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Jirani yetu, fundi wa reli, alikuwa na runinga ya nyeusi na nyeupe. Jioni ya "Vioja" watoto tulikaa sakafuni, wazee wakakalia viti, na waliochelewa wakasimama nje dirishani.

Muundo wa mchezo haukubadilika sana. Shtaka lilisomwa, mshtakiwa akakana, mashahidi wakaitwa, na mwendesha mashtaka, aliyeigizwa kwa miaka mingi na Gibson Gathu Mbugua (aliyefariki mwaka wa 2021), akauliza maswali yake kwa ukali wa afisa wa polisi. Wakili hakuwapo. Mshtakiwa aliwahoji mashahidi mwenyewe. Kwa watu wa Kaloleni hilo lilikuwa jambo la kawaida, maana hata katika mahakama za kweli maskini alijitetea peke yake, na aliyemshtaki alikuwa askari.

Nakumbuka kipindi kimoja cha mtu aliyeshtakiwa kuiba kuku. Aliulizwa kama anakubali au anakana. Badala ya kujibu alianza na alfajiri: alivyoamka, mkewe alivyomwambia, njia aliyoifuata na mvua aliyokutana nayo. Hakimu alimkatiza, naye akaomba radhi kwa adabu nyingi kisha akarudi kwenye mvua ile ile. Swali lilihitaji neno moja. Jibu lilikula sehemu kubwa ya kipindi. Waliosimama dirishani walimpa mawaidha kwa sauti, kama hadhira ya ngano inavyomwitikia fanani. Tulicheka mpaka tukalia. Lakini tulichokicheka, nadhani sasa, hakikuwa lafudhi peke yake. Tulifurahia kumwona mtu wa kwetu akipewa muda wa kusimulia kisa chake kuanzia pale alipotaka yeye.

Mwaka wa 1983 shangazi yangu alikamatwa kwa kuuza chang'aa, kinywaji kilichokuwa kimepigwa marufuku kwa sheria ya 1980 (marufuku ambayo iliondolewa mwaka wa 2010). Nilikwenda mahakamani na mama. Shangazi aliposomewa shtaka alisema kwa Kiswahili chake cha Magharibi: "Ni kweli, bwana mkubwa, lakini ile mitungi ilikuwa ya mwenye nyumba, mimi nili..." Karani alitafsiri maneno mawili ya mwanzo. Hakimu aliandika. Aliposema tena "lakini", askari alimgusa bega. Alifungwa miezi mitatu. Sikuwahi kuona shughuli ya serikali iliyokwisha upesi namna ile.

Miaka mingi baadaye, nikitayarisha somo kuhusu usimulizi, nilisoma uamuzi wa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, wa mwaka wa 1973. Uamuzi huo unataka mshtakiwa aelezwe shtaka kwa lugha anayoielewa, na akikiri, maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema, kadiri iwezekanavyo. Akiongeza jambo linalotia shaka hatia yake, basi ihesabiwe kwamba amekana. Yaani sheria yenyewe ilikuwa imelitambua lile "lakini" miaka 10 kabla ya shangazi yangu kulitamka. Sijui mhakiki gani wa fasihi amewahi kulipa neno moja dogo uzito kama huo.

Kwa hiyo nisemapo sasa kwamba "Vioja" si mchezo wa uhalisia, namaanisha jambo tofauti na nililolisema darasani. Kuku, deni, ugomvi wa wapangaji, yote hayo yalikuwa halisi. Kilichokuwa cha kubuni ni subira ya hakimu. Na hili halifuti dhambi ya lafudhi: karani aliyemkatiza shangazi alikuwa akitabasamu, na tabasamu hilo nililitambua, kwa kuwa ndilo lililokuwa usoni mwangu kila jioni ya kipindi.

Shangazi alirudi akiwa amekonda. Jioni ya "Vioja" alikuja kwa fundi kama zamani, akapishwa kwenye kiti. Mshtakiwa wa siku hiyo alikuwa mlevi, naye alieleza, akaeleza, akaeleza. Watu walikuwa hoi. Shangazi hakucheka. Alimtazama hakimu kwa makini mpaka hukumu ikatolewa, kisha akamgeukia mwenye nyumba.

"Baba, huyu hakimu yuko koti gani?"

Sebule nzima iliangua kicheko. Nami pia nilicheka.