Picha za Hina Yangu na Kompyuta ya Steshenari



Jambo hili nimelikalia muda mrefu kwa sababu lina haya ndani yake. Lakini wiki iliyopita biharusi mmoja aliniuliza kama ni salama kuweka picha zake za hina kwenye akaunti ya Google. Nikaona nikimwambia "salama tu" nitakuwa nimemdanganya, na nikimwambia "hapana, zifute" nitakuwa nimemdanganya pia. Basi wacha niwahadithie yaliyonikuta.

Mnajua nimeolewa mbali. Mume wangu ni Mnyambo aliyesoma SUZA, na sasa anasomesha skuli ya sekondari huku Isingiro, wilaya ya Kyerwa, mkoa wa Kagera. Ukitoka Unguja unavuka na boti mpaka Dar, kisha unapanda basi linalokupitisha Dodoma, Singida na Kahama mpaka unasahau siku uliyoondoka. Huku ni migomba, kahawa iliyoanikwa kwenye maturubai, na baridi ya asubuhi inayonifanya nivae sweta ndani ya buibui. Kyerwa ilikuwa sehemu ya wilaya ya Karagwe mpaka 2012, na wazee wengi bado wanasema "Karagwe" tu. Wakwe zangu wamenipokea vizuri, alhamdulillah. Wifi yangu ndiye shoga yangu wa kwanza hapa. (Nasema wifi, dada wa mume. Waifai ya intaneti ni kitu kingine, na hiyo ndiyo hatunayo.)

Mwezi wa nne wa ndoa nilitaka kuomba kazi. Vyeti vyangu nilikuwa nimeviskani nikiwa bado nyumbani nikajitumia kwenye barua pepe yangu mwenyewe, basi nikaenda steshenari kuviprinti. Kawaida ya steshenari mnaijua: unamtumia mwenye duka faili kwa WhatsApp, anakutolea. Mimi sikutaka namba yangu ibaki kwa mwanamme nisiyemjua. Nikaona stara ni kuingia mwenyewe kwenye barua pepe yangu, kwenye kompyuta ya duka, kwa mikono yangu. Nilikimbia mvua nikajibanza chini ya mchirizi.

Nikaandika anwani, nikaandika nenosiri. Kikatokea kidirisha kinauliza kama nataka nenosiri lihifadhiwe. Nyuma yangu kulikuwa na watu watatu wanasubiri, mmoja ana mtoto analia. Nikabonyeza ndiyo ili kitoke. Nikapakua vyeti, ukurasa wa kwanza ukatoka, umeme ukakatika. Tukasubiri, haukurudi. Nikalipa ukurasa wangu mmoja nikaondoka, nikiwa na hakika kabisa kwamba kompyuta ikizimika, na mimi nimetoka.

Siku ya tatu, baada ya Alasiri, nikasikia hodi. Ni msichana anayefanya kazi pale dukani, aliwahi kusomeshwa na mume wangu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, karibu."

Hakutaka kukaa. Akasema kwa sauti ya chini, "Dada, akaunti yako bado iko wazi kwenye mashine yetu. Kuna picha. Mimi nimefunga ule ukurasa, lakini ukifungua tena inaingia yenyewe. Na jana usiku sikuwepo mimi, alikuwepo kaka."

Nilimshukuru. Nadhani nilimshukuru. Mlango ulipofungwa nilikaa chini palepale kwenye sakafu.

Walioolewa wanajua kilichomo kwenye picha za siku ya hina. Nywele zangu zimeachiwa, zina maji ya mafuta na asumini. Mabega wazi, kanga imefungwa kifuani, piko imepanda mpaka juu ya viwiko. Na si mimi peke yangu. Yumo mamaangu bila mtandio, anacheka. Wamo shoga zangu wawili ambao hata mashemeji zao hawajapata kuwaona nywele. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba shangazi siku ile alikusanya simu zote mlangoni, akaziweka kwenye kikapu, akasema hakuna picha. Simu moja tu ndiyo iliyoachwa, ya biharusi, kwa heshima yake. Basi aliyewatoa uchi wenzake ni yule aliyeaminiwa.

Nilimpigia binamu yangu Unguja, anayefanya kazi ya kompyuta. Hakunisomea hotuba, Allah amlipe. Alisema, "Usilie, shika simu." Hatua alizonipa ndizo ninazowapa na nyinyi. Kwenye simu yako fungua mipangilio, ingia Akaunti ya Google, nenda sehemu ya Usalama, tafuta Vifaa vyako. Utaona orodha ya kila simu na kila kompyuta ambayo akaunti yako imo, pamoja na wakati ilipotumika mwisho. Nikaiona ile ya Windows ambayo si yangu. Ilitumika mara ya mwisho jana yake, saa tatu na dakika arobaini usiku. Nikaibonyeza, nikachagua kuiondoa. Kisha nikabadilisha nenosiri.

Kwa nini yote mawili? Hapa ndipo nilipoelimika, na naomba mnivumilie kidogo.

Tovuti unayoitembelea haikukumbuki kwa sura. Ukiingia mara moja inakupa kipande kidogo cha maandishi ambacho kinakaa kwenye kivinjari ulichotumia, na kila unapofungua ukurasa kivinjari kinakionesha. Kwa Kiswahili vinaitwa vidakuzi. Mimi niliposikia neno hilo nilidhani linatokana na daku la Ramadhani, halafu nikakumbuka magazeti ya udaku, nikaona hilo linafaa zaidi. Fikiria mzigo wako pale bandarini Malindi: unaukabidhi, unapewa kikaratasi chenye namba, na ukishuka Dar hakuna anayekuuliza jina la baba yako, unaonesha kikaratasi unapewa begi. Aliyeokota kikaratasi chako naye anapewa begi. Kile kikaratasi mimi nilikiacha ndani ya mashine ya watu. Kukatika kwa umeme hakukifuti, maana kimeandikwa kwenye diski. Kinafutika ukibonyeza "ondoka", au ukikifuta mwenyewe, au ukikibatilisha kwa mbali kama nilivyofanya na binamu.

Nenosiri nililokubali kulihifadhi ni jambo la pili. Hilo halikuwa kikaratasi tena, ni ufunguo wenyewe. Binamu alinieleza kwamba ikiwa mwenye duka ameingia kwenye kivinjari kile kwa akaunti yake na amewasha usawazishaji, basi nenosiri langu linaingia kwenye hifadhi yake, na litamfuata mpaka kwenye simu yake ya mfukoni. Kwa hiyo kumtoa bila kubadilisha kitasa ni kazi bure. Halafu akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Na vile vyeti ulivyopakua?" Vilikuwa bado kwenye folda ya vipakuliwa, vyenye jina langu kamili, tarehe yangu ya kuzaliwa na namba zangu za mitihani.

Usiku ule sikulala. Saa tatu na dakika arobaini. Inawezekana ukurasa ulijifungua wenyewe mashine ilipowashwa, kijana hata hakutazama. Inawezekana alikaa pale nusu saa. Orodha inakwambia akaunti ilitumika lini, haikwambii jicho lilitua wapi. Nimejifunza kuishi na kutokujua huko, na sitawaambia kwamba ni rahisi.

Mume wangu nilimwambia asubuhi, baada ya Alfajiri. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Alinyamaza, kisha akauliza kama nimeshawaambia wale shoga zangu. Nikasema bado. Akasema, "Waambie wewe kabla hawajasikia kwa mwengine." Nikawapigia mmoja mmoja. Mmoja alinisamehe palepale. Mwengine alikata simu, akanipigia baada ya siku mbili. Mamaangu alisema, "Mtoto huyu!" kisha akaniuliza kama huku samaki wanapatikana.

Dini yetu haikuacha jambo hili wazi. Suratun Nur, aya ya 27, inatukataza kuingia nyumba za wengine mpaka tuombe idhini na tutoe salamu. Aya ya 58 ya sura hiyohiyo inaingia mpaka ndani ya nyumba: hata watoto na watumishi waombe ruhusa nyakati tatu, kabla ya Alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo zao, na baada ya Isha. Na Suratul Hujurat, aya ya 12, inakataza kupelelezana. Sisi tumezikariri tangu chuoni. Lakini mlango nisioufunga nao una sehemu yangu ya lawama, na kikaratasi cha kuingilia yenyewe ni mlango usio na hodi. Sheria ya nchi ipo pia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaharamisha kuingia kwenye mfumo wa kompyuta wa mtu bila idhini, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imetuletea Tume yake. Nazijua sasa. Usiku ule nilichohitaji ni mtu wa kunionesha pa kubonyeza.

Nimwambie nini basi yule biharusi? Picha ziweke kwenye albamu ya peke yake, na usiitume kwa kiungo kinachofunguliwa na kila mwenye nacho. Muulize mpambaji na mpiga picha wako: picha zangu zinakaa kwenye akaunti gani, na simu ya saluni wanaishika wangapi? Nimeona saluni ambayo simu moja inashikwa na wasichana sita, na albamu ya maharusi wa mwaka mzima imo humo. Na kabla ya kumpa mdogo wako simu yako ya zamani kama zawadi ya kuagana, toa akaunti zako kwanza, kisha uirudishe simu ilivyotoka kiwandani. Kufuta picha peke yake hakutoshi.

Kwenye kompyuta isiyo yako tumia dirisha la hali fiche. Ctrl, Shift na N kwa pamoja hulifungua kwenye Chrome. Ukilifunga, vidakuzi vyake vinakufa nalo. Faili ulilopakua halifi, hilo ulifute mwenyewe, na pipa la taka ulimwage. Kwa WhatsApp, angalia Vifaa vilivyounganishwa mara kwa mara. Mimi niliangalia nikakuta laptopu ya ofisi niliyoiacha Unguja miaka miwili nyuma.

Kuhusu simu ya nyumbani sina fatwa. Wapo wanaosema mke na mume hawafichani kitu. Sawa, lakini simu ya nyumba huku kwetu inashikwa pia na mawifi, mashemeji na watoto wa jirani wanaotazama katuni. Dada mmoja alitafuta habari za kuchelewa kushika mimba kwenye simu ya mama mkwe wake. Kuna vidakuzi vinavyowekwa na kampuni za matangazo, vinavyokufuata kutoka tovuti moja mpaka nyingine. Siku ya pili mama mkwe akawa anaona matangazo ya vipimo vya mimba, akamkumbatia na kumpongeza. Fikirieni alivyojibu. Kwa mambo kama hayo, hali fiche, hata kwenye nyumba ya watu wema. Sikushaurini mfute vidakuzi vyote kila siku, maana mtajichosha kuandika manenosiri na mwisho mtayaandika kwenye karatasi nyuma ya kalenda. Vyenyewe si shari. Lou Montulli, aliyevibuni Netscape mwaka 1994, alikuwa anatafuta namna duka la mtandaoni litakavyokumbuka ulichotia kwenye kikapu.

Baada ya wiki nilirudi pale dukani na wifi yangu. Yule msichana alikuwa peke yake. Nikamwomba tufute vyeti vyangu, akakubali, kisha akaniuliza kama naweza kumuonesha na yaliyobaki. Tukafungua orodha ya manenosiri yaliyohifadhiwa. Ilikuwa ndefu. Walimu, muuguzi mmoja, mwanafunzi aliyeomba mkopo wa chuo, mzee mmoja ninayemjua kwa sura msikitini. Tukafuta moja baada ya jingine bila kufungua hata akaunti moja, wifi yangu akiwa amegeuka anatazama barabarani kana kwamba tunavua nguo. Tukazima ile ofa ya kuhifadhi manenosiri. Tukaweka kivinjari kifute vidakuzi kila kinapofungwa.

Mwenye duka, nasikia, alinuna kidogo, kwa sababu na yeye alikuta ametolewa kwenye akaunti yake ya Facebook, na nenosiri lake halikumbuki.