Kufuata na Kupinga

Sardarji alifariki mwaka jana, na msibani watu wakamsifu kwa upole. Upole upi? Nilifanya kazi chini yake Eneo la Viwanda, Nairobi, tangu ndevu hazijaniota, na nilichokijua ni sauti yake ikipasua ngurumo za mashine: "Wewe! Meza inaenda wapi, kisu kinazunguka wapi?"

Utoto wangu hauna mengi. Changamwe, baba kuli wa bandarini, karo ikakatika darasa la saba, mjomba akanipandisha gari moshi. Nikaanza kwa kufagia, nikapewa tupa na jiliwa, hatimaye nikakabidhiwa mashine ya kuchonga chuma. Hapo swali lile likaanza kuniandama.

Jibu lake ni hili. Meno ya kisu yakienda kinyume cha mwendo wa chuma, kila jino huanza na unyuzi mwembamba na kumaliza na mnene: huko ni kukata kwa kupinga. Yakienda kule kule chuma kinakoelekea, jino huanza na unene na kumaliza na wembamba: huko ni kufuata. Vitabu husifu kufuata, kwani uso hutoka laini na joto huondoka na mabaki. Sardarji hakutaka kusikia. Parafujo za meza zetu zilikuwa zimelika. Ukifuata, kisu huivuta meza, ule ulegevu ukafyatuka na jino likavunjika. Isitoshe, tulichonga chuma cha kusubu kilichomiminwa kwenye kalibu za mchanga, na mchanga huo hubaki kwenye ganda. Kwa kupinga, jino hulifumua ganda kutoka chini. Kwa kufuata, hulishukia kutoka juu, na makali yanaisha kabla ya chai ya saa nne.

Mashine inayoongozwa kwa tarakimu niliiona kwanza miaka ya tisini. Gari la Nyayo Pioneer, ambalo Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kulibuni mwaka 1986, halikuwafikia wanunuzi, lakini mradi ule ndio uliozaa Numerical Machining Complex mwaka 1994, ndani ya karakana kuu za reli, na humo ndimo nilimoiona. Watu hulicheka gari lile. Mimi sicheki.

Kwetu kompyuta ilikuja baadaye sana, pamoja na mashine ya mitumba kutoka Ulaya. Na niseme haki: programu ilitufaa. Kalibu ya chupa ya plastiki, yenye mabonde yasiyo na pembe hata moja, hakuna mkono utakaoichonga kwa kuzungusha gurudumu. Programu hupanga njia ambayo kisu kinabeba mzigo ule ule hata kwenye kona, kwa hiyo kinazama kina chake chote, kwa upana mdogo, bila kupiga kelele. Kazi ya siku nzima ikawa ya asubuhi.

Karaha zake? Leseni ya kulipia kila mwaka, kwa dola. Halafu yupo mkalimani, kile kijiprogramu kinachogeuza njia iliyochorwa kuwa amri za G na M. Wetu aliandikiwa mashine mpya. Yetu kuukuu ikikuta amri isiyoijua husimama na kuwasha taa nyekundu, na kumbukumbu yake ni finyu hata kalibu moja ilibidi ilishwe kwa waya, mstari baada ya mstari, huku tukimwomba Mungu umeme usikatike.

Ugomvi wangu lakini ni mwingine. Programu huchagua kufuata yenyewe, usipoikataza. Mhandisi kijana, aliyeletwa na wana wa Sardarji, akaiacha hivyo kwenye kazi ya vifuniko vya pampu, chuma cha kusubu. Nikasoma amri zake: M03, kisha G41. Kisu kinazunguka kwa mwelekeo wa saa, kikiwa kushoto mwa njia. Nikamwambia, "Kijana, duru ya kwanza pinga, ulitoe ganda. Baada ya hapo fuata utakavyo." Akanigeuzia kioo cha kompyuta, chuma cha kijani kikichongeka bila dosari. "Mzee, si unaona?"

Nilichoona ni chuma kisicho na mchanga. Hata jiliwa halikuwemo, kwa kuwa hakuliingiza. Enyi vijana, kiguseni chuma kwa kidole kabla hamjabonyeza kitufe! Visu vya kabaidi viliisha makali kimoja baada ya kingine, naye akaandika kwenye ripoti kwamba visu ni duni. Aliyetuuzia akapoteza mteja.

Kijana hoja anayo. Parafujo za mashine ile ni za gololi, ulegevu hazina, na kabaidi haipendi kuanza kwa kusugua. Yote mawili ni kweli, na Sardarji mwenyewe angeyakubali, baada ya kutukana kwanza. Ganda, hata hivyo, ni ganda.

Sasa nimestaafu na kijana yule ndiye msimamizi. Nasikia amebadilisha mpangilio: kwa chuma cha kusubu, duru ya kwanza ni ya kupinga. Anawafundisha wanagenzi kwamba huo ni utaratibu alioubuni yeye.